Sura ya 4: Nyasi Hizi Zinatoka Wapi?

Katika mashamba ya mpunga ya Kama, na kwa kweli Maniema yote, mashariki mwa Kongo, kuna swali lisilokosekana msimu wowote: "Nimekata msitu, nimechoma, nimepanda mbegu yangu mwenyewe. Nyasi hizi zinatoka wapi?" La pili hulifuata hapo hapo: "Mbona mwaka jana sikupalilia sana, na mwaka huu mgongo unaniuma hata kabla mpunga haujafika magotini?"

Majibu ya kijijini hayachelewi. Huyu atasema udongo umechoka, yule atamshuku jirani mwenye kijicho, na wanaume wengine watasema wake zao wamekuwa wavivu. La kwanza lina ukweli kidogo. Hayo mengine hayana. Jibu lenyewe liko shambani, katika magugu, yaani mimea yoyote inayoota mahali ambapo mkulima hakuitaka. Tukiyaangalia moja moja tutaona kwamba kila gugu lina njia yake ya kuingia na sababu yake ya kubaki. Anayeyajumlisha yote kuwa "nyasi tu" hupigana nayo kwa njia moja, na kwa njia moja hiyo hushindwa.

Njia ya misafara

Mpunga si mmea wa asili wa msitu wa Maniema. Uliletwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 na wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka Zanzibar na pwani wakaweka makao Nyangwe na Kasongo. Mashuhuri kati yao alikuwa Hamed bin Mohammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip. Mashamba ya mpunga yaliyolisha miji ile yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Kiswahili tunachosema leo Kindu, Kasongo na Kama kilikuja kwa njia ile ile. Baada ya kupigana na wafanyabiashara hao tangu 1892 hadi 1894, Wabelgiji walishika nchi, na baadaye wakalazimisha kilimo cha mpunga katika vijiji vingi. Taasisi yao ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilikuwa na kituo kikubwa Yangambi karibu na Kisangani. Hapo ndipo ilipotoka mbegu ya R66, ambayo wakulima wengi wa mpunga wa nchi kavu waliijua.

Ninataja historia hii kwa sababu hakuna gunia la mbegu linalosafiri na mbegu ya namna moja peke yake. Kila mara mpunga ulipohamishwa kutoka kijiji hadi kijiji, punje ndogo za magugu zilikuwa ndani. Nyingine zilinasa katika nguo, katika manyoya ya mbuzi, katika matope ya miguuni. Magugu mengi yanayotusumbua leo hayakuzaliwa Afrika. Kishona nguo, ambaye mbegu zake nyeusi zenye miiba midogo hujishona kwenye suruali, asili yake ni Amerika. Huko ndiko ilikotoka pia ajeratumu, ule mmea wenye maua madogo ya rangi ya samawati na harufu kali, na kromolena, ambayo tutairudia. Walivuka bahari katika karne hizi chache zilizopita na leo wanaonekana kana kwamba walikuwapo tangu babu wa babu.

Ghala lililo chini ya miguu

Mbegu inayoanguka ardhini haioti yote mwaka huo huo. Sehemu hulala. Wataalamu huita akiba hiyo benki ya mbegu: jumla ya mbegu hai zilizomo udongoni zikingoja mwanga, joto au maji. Mchicha pori mmoja ulioachwa hadi ukomae unaweza kudondosha makumi ya maelfu ya mbegu. Ukiupuuza leo, wajukuu wake wataota wakati mtoto wako anamaliza shule.

Huo si utani. Mwaka 1879 mwalimu wa botania wa Marekani, William James Beal, alijaza chupa 20 kwa mchanga uliochanganywa na mbegu za magugu, akazifukia Michigan ili waliomfuata wawe wanazifukua moja moja. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 ilikuwa bado na mbegu zilizoweza kuota, zaidi ya miaka 140 tangu zifukiwe.

Basi swali "nyasi zinatoka wapi?" lina jibu la kwanza: nyingi zilikuwa tayari shambani. Jembe linapogeuza udongo huziamsha, kwa sababu nyingi zinahitaji mwanga kidogo tu ili kuanza. Ndiyo maana shamba lililolimwa vizuri Septemba huwa kijani kabla ya mpunga wenyewe kutoka.

Moto unaua nini, hauui nini

Kwetu tunakata msitu wakati wa kiangazi, tunachoma kuelekea mwisho wake, kisha tunapanda mvua zinaporudi. Moto una kazi tatu. Unasafisha, unaacha majivu yanayolisha udongo, na unaua mbegu zilizo juu kabisa. Lakini joto halishuki mbali. Sentimita chache chini ya uso, mbegu hubaki salama. Pale palipolundikwa magogo moto hukaa sana na kuzama zaidi, na mkulima anayetazama vizuri ataona kwamba mahali pa magogo magugu huchelewa, wakati pembeni palipoungua majani makavu tu yanatoka mapema.

Tena kuna mmea ambao moto ni rafiki yake. Ni ile nyasi ngumu ambayo wataalamu huiita imperata, yenye vichwa vyeupe vya manyoya na vikonyo vya chini ya ardhi vyenye ncha kali, vinavyoweza kutoboa hata kiazi. Ukiichoma unaondoa majani ya juu tu, na ndani ya siku chache inachipua tena, mara nyingi ikiwa na maua. Kila mwaka wa kuchoma ni mwaka wa kuilea. Adui yake ni kivuli.

Kwa ufupi: moto hukupa nafuu ya msimu mmoja, haufuti akiba ya udongoni, na baadhi ya magugu hunufaika nao.

Kwa nini mwaka wa pili ni mchungu

Chini ya msitu mkubwa kuna giza. Magugu ya shambani yanapenda jua, hivyo hayaishi humo, na mbegu zake zilizobaki udongoni hupungua mwaka hadi mwaka: zinaoza, zinaliwa na wadudu, zinaota gizani na kufa. Ukikata msitu uliokaa miaka mingi unakuta ghala karibu tupu. Kinachoota mwaka wa kwanza ni visiki vinavyochipua na vichipukizi vya miti, kama musanga, ule mti mwepesi wenye majani yaliyotanda. Panga linatosha.

Mwaka wa pili hali imegeuka. Shamba limekaa wazi miezi mingi, upepo umeleta mbegu nyepesi, ndege na mbuzi wameleta nyingine, na magugu machache yaliyoachwa mwaka wa kwanza yamezaa. Mwaka wa tatu palizi haina mwisho. Watu wengi wanadhani wazee waliacha mashamba kwa sababu rutuba ilikwisha. Rutuba hupungua, ni kweli, lakini mara nyingi kilichowafukuza kwanza ni magugu. Mama mwenye shamba alipiga hesabu: siku za kupalilia hapa ni nyingi kuliko siku za kukata pori jipya. Akahama.

Hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu pori lilikuwapo. Leo karibu na barabara, karibu na Kindu, na kandokando ya vijiji vikubwa vya eneo la Pangi, shamba halilali tena miaka 15 au 20 hadi musanga izeeke na miti mingine iipite. Linalala miaka mitatu, minne. Katika muda huo linaota kromolena, kichaka chenye majani ya pembe tatu yanayonuka ukiyasugua, na mbegu zenye manyoya zinazoruka kwa maelfu. Kichaka hiki kina wema wake: hufunika ardhi upesi, huzuia imperata, na majani yake yakioza hurudisha rutuba. Lakini hakiachi msitu uote haraka, na ukikikata kinachipua kutoka shinani. Mkulima anayekikata na kuchoma tu anajipangia palizi ya mwaka ujao.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo kiini cha tatizo la mpunga wa Maniema kilipo. Tunatumia mbinu ya wazee bila miaka waliyoipa ardhi. Tumefupisha usingizi wa shamba, kisha tunashangaa kwamba halijapona.

Yajue kwa tabia

Si lazima ukariri majina ya Kilatini. Jua kila gugu linaishi vipi, maana dawa yake iko humo.

- Ndago. Shikia shina lake katikati ya vidole viwili ulizungushe: utasikia pembe tatu, wakati shina la nyasi ya kawaida huzunguka bila pembe. Chini lina viazi vidogo vilivyounganishwa kama tasbihi. Jembe likikata uzi huo, vile vilivyokuwa vimelala vinaamka kila kimoja peke yake. Unapolima ndago unaizidisha, isipokuwa ukusanye viazi hivyo na kuvitoa shambani, au uiwekee kivuli kizito.

- Mkongwe, ule wenye maua ya buluu na shina lenye maji. Ukiung'oa na kuuacha juu ya udongo wenye unyevu, kila pingili hutoa mizizi upya. Tena una maua mengine yanayojificha chini ya ardhi na kutoa mbegu humo humo. Ulundike juu ya kisiki au jiwe ukauke, au uwape nguruwe.

- Nyasi ndefu ya kuwasha, inayopita urefu wa mtu na yenye vinyweleo vinavyovunjika ndani ya ngozi. Huyu hazai kwa mizizi, huzaa kwa mbegu tu, na mbegu zake hazidumu miaka mingi udongoni. Ukimzuia asizae misimu michache mfululizo, umemshinda. Mng'oe akiwa mdogo, kabla hajaanza kuwasha.

- Mchicha pori, mnavu na wenzao. Mchicha pori sisi huku tunauita lengalenga, na tunaupika. Anayepalilia na kikapu begani hutoka shambani na mboga ya jioni. Gugu hili ni chakula, ila usiliache lizae mbegu katikati ya mpunga.

- Kiduha. Ana maua mazuri ya zambarau au mekundu na huishi kwa kunyonya mizizi ya mahindi, mtama na mpunga. Anapenda savana yenye udongo uliochoka, si msitu, ndiyo maana wakulima wa Kenya magharibi na Tanzania wamelia naye kuliko sisi. Mmea mmoja hutoa mbegu zaidi ya 50,000, ndogo kama vumbi. Anayeleta mbegu ya mahindi kutoka nchi za savana aichunguze.

Gugu linalovaa sura ya mpunga

Kuna nyasi moja ambayo hata macho yaliyozoea hudanganyika nayo. Wataalamu huiita ekinokloa. Ikiwa changa ina rangi ya mpunga, kimo cha mpunga na mkao wa mpunga. Ili kuitambua, vuta jani taratibu mahali linapoachana na shina. Kwenye mpunga utaona utando mdogo mweupe uliosimama, na vijisikio viwili vyenye nywele vinavyokumbatia shina. Kwenye ekinokloa hakuna kitu: jani linaungana na shina laini kabisa. Mfundishe mtoto jambo hilo moja, na palizi yake itakuwa ya mtu mzima.

Imepataje kufanana hivyo? Mikono yetu ndiyo iliyoichagua. Kwa karne nyingi, huko Asia hasa, wapaliliaji waling'oa ile iliyoonekana tofauti na kuiacha ile iliyofanana na mpunga. Iliyoachwa ndiyo iliyozaa. Mwanasayansi wa Urusi, Nikolai Vavilov, aliyefia gerezani mwaka 1943, alieleza jambo hili akaenda mbali zaidi. Alionyesha kwamba rai, nafaka inayoliwa sana kaskazini na mashariki ya Ulaya, ilianza kama gugu katika mashamba ya ngano. Palipokuwa na baridi kali ngano ilikufa, rai ikabaki, mwishowe watu wakaipanda kwa makusudi.

Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka habari ya magugu katikati ya ngano katika Mathayo 13. Gugu linalodhaniwa ndilo hilo hufanana na ngano hadi masuke yatoke, na punje zake zinaweza kumdhuru anayezila. Bwana wa shamba aliwakataza watumishi kung'oa, wasije wakaing'oa na ngano. Kwa mpunga wetu hatuna haja ya kungoja hadi mavuno, maana tuna utando mweupe wa kututofautishia mapema.

Heri kumi tofauti kuliko moja lililotawala

Hili ndilo jambo ninalotamani likae kichwani mwa kila mkulima. Shamba lenye magugu ya namna nyingi, machache machache, kwa kawaida huumiza mpunga kidogo kuliko shamba lililotawaliwa na gugu moja. Aina nyingi hazinyonyi mahali pamoja wala wakati mmoja. Nyingine ni fupi, nyingine hufa mapema. Gugu moja likishika shamba zima, maana yake limepata siri ya namna unavyolima: unachoma kila mwaka, nalo linapenda moto, unalima kwa jembe moja kina kile kile, nalo linazaa kwa kukatwa. Hata dawa za kuua nyasi hufanya vivyo hivyo. Ukipuliza dawa ile ile mwaka baada ya mwaka, yale machache yasiyokufa ndiyo yanayobaki kuzaa. Ekinokloa sugu zipo tayari katika nchi nyingi zinazolima mpunga.

Ukitaka kuona maisha mengine kabisa, tazama vijiji vya milimani Omani, nchi walikotoka mababu wa wengi kati ya wale wafanyabiashara wa Nyangwe. Huko jangwani ngano hulimwa katika majaruba madogo chini ya mitende, kwa maji ya falaji, mifereji ya kale inayoleta maji ya chemchemi. Mifereji mitano kati ya hiyo iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Ardhi haina nafasi ya kulala: mchanga na miamba imeizunguka pande zote. Mbegu za magugu huja na maji ya mfereji na samadi ya mbuzi, na ndago ile ile ya Kama huota huko pia. Lakini eneo ni dogo, kila jaruba hupitiwa kwa mkono, na magugu ya kijani ni malisho. Katika nchi kame, mtu hatupi jani linaloweza kugeuka maziwa ya mbuzi.

Mazingira yetu ni kinyume: mvua nyingi, ardhi pana. Hata hivyo tunaelekea kwenye hali yao kwa jambo moja, kwamba ardhi iliyo karibu na nyumba haipumziki tena. Na kama haipumziki, italazimu kutunzwa kwa karibu kama wao wanavyotunza.

Majuma yanayoamua mavuno

Vipimo vilivyokusanywa katika Afrika vinaonyesha kwamba magugu yasiyopaliliwa hupunguza mavuno ya mpunga wa bondeni uliopandikizwa kwa asilimia 28 hadi 74. Kwa mpunga wa nchi kavu, ambao ndio wetu, hasara ni asilimia 48 hadi 100. Yaani nusu ya shamba, au shamba lote.

Lakini si kila siku ina uzito sawa. Mpunga huumia zaidi ukiwa mchanga, tangu kama juma la pili hadi la sita au la saba baada ya kuota. Baadaye majani yake hujifunga na kuweka kivuli chake. Palizi ya juma la tatu na nyingine ya juma la sita huokoa kuliko palizi tatu zilizochelewa. Majuma hayo ndiyo hasa vijana wengi wa Pangi wanapokuwa machimboni kutafuta kasiterite na dhahabu, na shamba linabaki kwa mama na watoto. Anayemwita mama huyo mvivu hajawahi kuinama na mpunga wa mwaka wa pili tangu alfajiri hadi adhana ya adhuhuri.

Mambo manne yanawezekana Kama bila mradi wala mfadhili:

1. Safisha mbegu kabla ya kupanda. Peta kwa ungo, kisha itumbukize katika maji ya chumvi yaliyokolea hadi yai lielee. Zinazoelea, punje tupu na mbegu nyingi za magugu, ziondoe. Zilizozama zioshe kwa maji safi.

2. Panda kwa mistari, ili mpaliliaji ajue kinachoota nje ya mstari ni nini.

3. Ukilaza shamba, usiliache tu. Pandia upupu usiowasha, mmea unaotambaa na kufunika ardhi. Hunyima imperata na ndago mwanga na hurutubisha udongo kwa kuvuta naitrojeni, chakula cha mimea, kutoka hewani.

4. Badilisha. Mpunga leo, karanga au muhogo kesho, ili gugu lolote lisizoee desturi yako.

La tano linawahusu wanaume, nalo ni langu kuliko la wataalamu. Katika vijiji vyetu kukata msitu ni kazi ya mwanamume, na inaheshimiwa. Kupalilia ni kazi ya mwanamke, na haihesabiwi. Msitu wa karibu umekwisha, basi kazi ya panga imepungua na ya jembe imeongezeka, lakini mgawanyo haujabadilika. Likilimba, kazi ya zamu ambapo leo tunakwenda shamba langu na kesho lako, tunaijua vizuri wakati wa kukata. Baba wa Kama, ndugu zangu, iiteni pia katika juma la tatu, na mwende mkapalilie.